Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Hazina: Madaftari Mawili Yakutane

Kwako Mheshimiwa,
Waziri wa Hazina ya Taifa na Mipango ya Uchumi,
Jamhuri ya Kenya.



Nakuandikia kutoka Kilifi, Mheshimiwa. Najua huingii ofisini hata asubuhi moja bila kukuta watu mlangoni, kila mmoja na dai lake, na fungu la kuwagawia ni lile lile. Naomba radhi kwa kuongeza barua yangu juu ya rundo la madai hayo. Ninachokuja kuomba hakihitaji bajeti ya ziada ya kutisha wala mkopo kutoka nje. Naomba jedwali. Jedwali la kurasa chache, lichapishwe kila mwaka, wananchi walisome.

Nimekuandikia wewe, wala si mwingine, kwa sababu moja. Chini ya wizara yako kuna Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ambalo makarani wake huingia vijijini kuuliza watu wamekula nini. Chini ya wizara yako hiyo hiyo kuna Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambayo inajua wenye vipato vikubwa wameandika kuwa wamepata kiasi gani. Daftari la kwanza linamjua maskini vizuri. Daftari la pili linamjua tajiri, kwa kiasi chake. Tunapotaka kujua pengo kati ya wawili hao ni pana kiasi gani, tunafungua daftari la kwanza peke yake. Aliye na uwezo wa kuagiza yote mawili yafunguliwe pamoja ni wewe, Mheshimiwa, na ndiyo maana nimethubutu kushika kalamu.

Kwa ruhusa yako nianze kwa kumtaja mtu aliyeshika kazi kama yako katika nchi nyingine. Hugh Dalton alikuwa mwanauchumi kijana mjini London alipochapisha makala mwaka 1920 kuhusu namna ya kupima tofauti za mapato. Miaka 25 baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Uingereza, tangu 1945 hadi 1947. Katika makala yake aliweka sharti ambalo wataalamu wanalifuata mpaka leo, wakilitaja kwa jina lake pamoja na la mwanauchumi mwenzake Arthur Pigou: ukichukua shilingi kwa aliyezidi ukampa aliyepungukiwa, bila kuwabadilishia nafasi, basi kipimo chochote kinachostahili kuitwa kipimo cha tofauti sharti kionyeshe kuwa tofauti imepungua. Aliongeza jambo zito zaidi, kwamba nyuma ya kila kipimo cha namna hiyo pamejificha rai kuhusu ustawi wa binadamu. Mtu hawezi kupima pengo bila kuwa na maoni, hata kama hajayatamka, juu ya shilingi moja mkononi mwa fukara ina thamani gani ikilinganishwa na shilingi ile ile mkononi mwa tajiri. Nafarijika kwamba aliyeliona hilo mapema hivyo ndiye aliyekuja kushika funguo za hazina ya nchi yake.

Kipimo tunachokisikia zaidi redioni na magazetini ni kile cha Corrado Gini, mtakwimu wa Italia, aliyekieleza mwaka 1912. Kinasimama juu ya mchoro uliobuniwa na Mmarekani Max Lorenz mwaka 1905. Wapange watu wote wa nchi kwenye foleni, fukara kabisa mbele na tajiri kabisa nyuma, kisha uanze kujumlisha. Asilimia 10 ya kwanza wana sehemu gani ya pato lote? Asilimia 20? 30? Nenda hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kama wote wangekuwa sawa, mstari wa mchoro ungenyooka. Kadiri walio mbele wanavyokosa, ndivyo mstari unavyolegea na kushuka tumbo, na Gini hupima ukubwa wa tumbo hilo. Sufuri ni usawa kamili. Moja ni mtu mmoja kuchukua vyote. Kenya, kwa utafiti mkubwa wa kaya wa 2015/16, ilikuwa karibu na 0.40, na takwimu rasmi zilionyesha kuwa pengo lilikuwa limepungua tangu utafiti wa miaka kumi kabla yake.

Sina nia ya kukidharau kipimo hicho, Mheshimiwa. Kimewasaidia watu wengi kusema kwa tarakimu jambo walilokuwa wakilisema kwa hasira tu. Lakini naomba unisikilize kidogo kuhusu kile ambacho hakiwezi kusema.

Chukua vijiji viwili, kila kimoja kina watu 100. Katika kijiji cha kwanza watu 50 hawana kitu kabisa, na 50 waliobaki wanagawana mali yote ya kijiji sawa kwa sawa. Katika kijiji cha pili mtu mmoja anashika asilimia 51 ya mali yote, na wale 99 wanagawana asilimia 49 sawa kwa sawa. Mwombe karani yeyote wa ofisi yako apige hesabu. Vijiji vyote viwili vitapata Gini ya 0.5 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Kijiji cha kwanza kina njaa, kinahitaji chakula leo kabla ya jua kuzama. Cha pili watu wanakula, ila kina bwana mmoja mwenye nguvu ya kumnunua chifu, kununua kisima na kununua uchaguzi. Kinahitaji sheria ya ushuru na sheria ya ardhi. Waziri anayeletewa ile 0.5 peke yake kwenye karatasi hana namna ya kujua yuko katika kijiji kipi.

Hilo ndilo lililomsumbua Anthony Atkinson, Mwingereza aliyerudi kwenye makala ya Dalton nusu karne baadaye. Mwaka 1970 alionyesha kwamba vipimo viwili vinavyoheshimika vinaweza kuzipanga nchi mbili kinyume, kimoja kikisema hii ndiyo yenye pengo kubwa zaidi, cha pili kikisema ni ile, kwa sababu kila kimoja kinatilia uzito sehemu tofauti ya foleni. Akapendekeza kipimo ambacho mtumiaji analazimika kutamka waziwazi, kabla ya hesabu kuanza, anawajali wa chini kwa kiasi gani. Mimi nampenda mtu huyo kwa ajili ya hatua hiyo moja. Alikataa kujificha nyuma ya desimali.

Tena yupo mwanauchumi Gabriel Palma wa Chile, ambaye mwaka 2011 alitazama nchi nyingi akaona jambo la kushangaza. Wale wa katikati, asilimia 50 wanaokaa kati ya asilimia 40 ya chini na asilimia 10 ya juu, hupata karibu nusu ya pato la taifa karibu kila mahali. Vita viko juu ya nusu iliyobaki: wale asilimia 10 wanachukua kiasi gani, na asilimia 40 ya chini wanaachiwa nini. Gini huwa na macho makali zaidi katikati ya foleni, pale ambapo mabadiliko ni madogo, na macho yake hupungua nguvu kwenye ncha mbili, pale ambapo mambo yenyewe yanatendeka. Kipimo kilichopewa jina la Palma hugawanya fungu la asilimia 10 ya juu kwa fungu la asilimia 40 ya chini, basi. Mwanafunzi wa darasa la nane angekihesabu, na mzee wa kijiji angekielewa bila kuelezwa mara ya pili.

Sasa nirudi nyumbani, Mheshimiwa, kwa maana huku ndiko hesabu hizi zinakokutana na maisha ya watu. Mwaka 2013, KNBS pamoja na shirika la Society for International Development (SID) walitoa ripoti iliyokokotoa Gini ya kila kaunti, kwa kuunganisha utafiti wa kaya wa 2005/06 na sensa ya 2009. Kaunti iliyoonekana kuwa na usawa zaidi katika Kenya nzima ilikuwa Turkana, 0.283. Iliyokuwa na pengo kubwa zaidi ilikuwa Tana River, 0.617, ikifuatwa na majirani zake wa Pwani, Kwale na Kilifi yetu. Mgeni asiyeijua nchi hii angesoma orodha hiyo akahitimisha kwamba Turkana ndiko kwenye haki. Wakati huo karibu watu tisa katika kila kumi huko walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na hata utafiti wa 2015/16 bado ulikuta asilimia 79.4. Usawa wa Turkana ni usawa wa watu waliokaa pamoja chini kabisa. Gini haikudanganya; iliulizwa swali moja ikajibu swali hilo hilo. Kosa ni la anayeichukua ile 0.283 na kuisoma kama hati ya kusifiwa.

Na sisi wa Pwani? Kwa miaka yote tangu ripoti ile, nimesikia tarakimu yetu ikitajwa kwenye mikutano kama aibu, halafu mkutano unafungwa kwa sala. Haijawahi kuingia mahali ambapo pesa zinagawanywa. Katika mfumo wa tatu wa kugawa fedha kwa kaunti, ule uliopitishwa 2020 baada ya Seneti kuvutana kwa wiki nyingi, umaskini ulipewa uzito wa asilimia 14. Pengo lililo ndani ya kaunti halikupewa chochote. Nalielewa jambo hilo kwa upande mmoja: Tume ya Ugavi wa Mapato, inayoandaa mfumo huo, haiwezi kuweka kwenye hesabu kitu ambacho kipimo chake hakiaminiki. Basi ndiyo hoja yangu, kipimo kifanywe cha kuaminika.

Naomba nieleze kwa nini sasa hakiaminiki kwa upande wa juu, na hapa nasema niliyoyaona kwa macho. Niliwahi kufanya kazi ya ukarani katika utafiti wa kaya huku Pwani. Nikiwa upande wa Ganze, humu Kilifi, niliketi juu ya kigoda mbele ya mama mmoja, nikamuuliza juu ya siku saba zilizopita. Unga? Alijua. Vibaba vingapi, vilinunuliwa kwa nani, siku gani vilikopwa. Mafuta ya kupimiwa, shilingi ishirini, mara tatu. Chumvi ilikuwapo tangu wiki ya juzi. Mchicha ni fungu, na fungu halina uzito unaojulikana, kwa hiyo nilikuwa na mizani ndogo, nikapima fungu lililokuwa jikoni na kuandika gramu. Muhogo walioula Jumatano haukununuliwa, ulitoka shambani kwa shemeji. Sharti nao utiwe bei, maana kuliwa umeliwa. Maji, mitungi ya lita ishirini, na bei yake wakati wa kiangazi si bei ya wakati wa mvua. Mama yule alinijibu kila swali kwa subira, na hakuna shilingi iliyopita katika nyumba yake ambayo hakuikumbuka. Namshukuru hata leo, maana siku nzima ya kazi yake ilipotea kwa ajili ya fomu yangu.

Kisha ukaja upande wa pili wa kaunti ile ile, kwenye nyumba za ufukweni. Geti refu, kengele, askari. Mwenyewe amesafiri. Mwenyewe yuko Nairobi. Mwenyewe yuko ndani lakini amesema hapokei wageni. Nilirudi kama kanuni inavyotaka, nikarudi tena, mwishowe nikaandika kuwa kaya haikujibu. Kanuni ya utafiti ina dawa kwa nyumba kama hiyo: waliojibu katika eneo lile huongezewa uzito ili wajaze nafasi ya waliokataa. Kwa jinsi nilivyoona, aliyejibu katika eneo kama lile ni mtunza bustani na mkewe, wanaokaa kwenye chumba cha nyuma. Uzito wa nyumba ya ufukweni ukabebwa na mtunza bustani. Silaumu shirika wala wenzangu. Dunia nzima tafiti za kaya zina ugonjwa huo huo, kwamba kadiri mtu anavyozidi kuwa nacho ndivyo anavyozidi kuwa mgumu kupatikana, na akipatikana haelezi yote.

Na hata akieleza yote, tunamuuliza alichotumia. Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, hupima pengo kwa matumizi ya kaya, si kwa mapato. Ipo sababu nzuri: mkulima na mvuvi hawana mshahara wa mwezi, na chakula walichokula ni rahisi kukumbukwa kuliko faida waliyopata. Lakini tajiri hali mapato yake yote. Anayebaki na milioni baada ya matumizi huonekana kwenye daftari letu kwa kile alichokula tu, na milioni ile inanunua kiwanja cha tatu bila kuacha alama. Kwa sababu hiyo si haki kuiweka Gini yetu ya matumizi kando ya Gini ya mapato ya Brazil, kisha tukajipongeza.

Sitaki kuficha kwamba makosa yako upande wa chini vilevile. Mwaka 2012 watafiti wanne, Kathleen Beegle na wenzake, walichapisha jaribio lililofanyika kwa jirani zetu Tanzania: kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika njia nane tofauti za kuuliza matumizi, wengine kwa kuandika kila siku, wengine kwa kukumbuka. Njia za kukumbuka zilipata matumizi madogo kuliko daftari la kila mtu binafsi, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa kaya maskini na kwa kaya zenye watu wazima wengi. Maana yake ni kwamba huenda maskini wetu wanaonekana hoi zaidi kidogo kuliko walivyo, na matajiri wetu wanaonekana wa kawaida sana kuliko walivyo. Makosa mawili yanayovuta kamba pande mbili hayafutani kwa sababu tu tumeyaweka katika desimali moja.

Kwa kosa la chini, KNBS wanajitahidi, na ninaamini watazidi kuboresha. La juu hawana uwezo nalo, Mheshimiwa. Hata wangeajiri makarani maradufu, geti halitafunguka. Lakini KRA haina haja ya kubisha hodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ngazi mbili za ushuru wa mapato: asilimia 32.5 kwa pato la mwezi linalozidi shilingi 500,000 hadi 800,000, na asilimia 35 kwa linalozidi 800,000. Ili kutoza hivyo, mitambo ya mamlaka ni lazima ijue ni Wakenya wangapi wako kwenye kila ngazi na jumla ya mapato yao ni kiasi gani. Habari hizo zipo. Kila ifikapo Juni 30 zinawasilishwa upya. Kinachokosekana ni agizo la kuzijumlisha na kuzichapa.

Njia ya kutumia daftari la ushuru ni ya zamani. Mwanauchumi Simon Kuznets aliifuata nchini Marekani mwaka 1953 alipokadiria fungu la walio juu kwa kutumia takwimu za ushuru, na wanauchumi Thomas Piketty na Emmanuel Saez wakaifufua mwanzoni mwa karne hii. Kwetu ingekuwa hivi: upande wa chini wa foleni tumia utafiti wa kaya, upande wa juu tumia daftari la ushuru, katikati shona kwa uangalifu. Na hili lifuatalo ndilo lililonifanya nisilale siku nilipolisoma. Atkinson, yule yule, katika miaka yake ya mwisho alikwenda kufunua ripoti za zamani za ushuru wa makoloni ya Uingereza barani Afrika, zikiwemo za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Ndani yake alikuta majedwali yaliyochapishwa ya watu wangapi walikuwa na pato la ngazi fulani na jumla yake ni kiasi gani. Kwa majedwali hayo akaweza kukadiria fungu lililoshikwa na wachache wa juu kabisa katika nchi zetu, wengi wao wakati huo wakiwa Wazungu na Wahindi. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na deni la maelezo kwa babu zetu, ilichapisha hesabu ya matajiri wake. Sisi tunaojitawala, wenye Katiba ambayo kifungu chake cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, hatuna jedwali la namna hiyo la kumwekea mwanafunzi mezani. Mheshimiwa, hilo linaniuma, na naamini ukilitazama litakuuma na wewe.

Naomba basi, kwa unyenyekevu wote, mambo mawili.

La kwanza, KRA ichapishe kila mwaka jedwali la ushuru wa mapato ya watu binafsi: ngazi ya pato, idadi ya watu, jumla ya mapato yao na jumla ya ushuru waliolipa, kwa taifa na kwa kila kaunti. Majina hayahitajiki na wala hatuyataki. Pale ambapo kaunti ina watu wachache mno katika ngazi ya juu hata mtu anaweza kubashiriwa, ngazi hiyo iunganishwe na ya chini yake, kama takwimu zinavyofanywa popote. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 haiguswi na idadi isiyo na mwenyewe. Afrika Kusini wamekuwa wakichapisha takwimu za ushuru za namna hiyo, Hazina yao na mamlaka yao ya ushuru kwa pamoja, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na zaidi ya hapo wametenga chumba chenye ulinzi ndani ya Hazina, Pretoria, ambamo watafiti walioidhinishwa hufanya kazi juu ya data iliyoondolewa majina. Sijasikia tajiri wa huko aliyedhurika kwa kuhesabiwa.

La pili, KNBS itakapotoa matokeo ya pengo, isitoe Gini pekee. Iandike kando yake, kwa lugha rahisi, fungu la asilimia 40 ya chini, fungu la asilimia 50 ya kati, fungu la asilimia 10 ya juu na, kwa msaada wa daftari la KRA, fungu la asilimia 1. Iandikwe kwa kila kaunti, pamoja na kiwango cha umaskini kwenye mstari huo huo, ili Turkana isisomwe tena kama paradiso na Kilifi isisomwe kama kwamba sote tuna villa.

Najua utaambiwa kwamba Wakenya wengi wako katika kazi zisizo rasmi za jua kali na hawajazi ritani za ushuru, kwa hiyo daftari la KRA halina maana. Ni kweli wengi hawamo, lakini hao ndio waliomo katika daftari la kwanza, lile la vibaba na mafungu ya mchicha. Tunayemtafuta katika daftari la pili ni mwenye mshahara mkubwa, mwenye kampuni, mwenye nyumba za kupangisha, na kati ya hao wengi wanaonekana. Utaambiwa pia kwamba matajiri wanaficha. Nakubali; wako waliojifunika kwa kampuni na kwa akaunti za nje. Hata hivyo hesabu inayoanzia kwenye kile walichokiri wenyewe ni bora kuliko hesabu inayoanzia kwa mtunza bustani wao.

Lipo la tatu, nalo siliweki katika ombi kwa kuwa liko katika wizara nyingine, ila nakusihi uliseme mnapokaa katika Baraza la Mawaziri. Huku kwetu mali ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilisajili madai ya watu binafsi katika ukanda wa maili kumi wa Pwani, na wengi waliokuwa wakilima humo kwa vizazi wakaamka wakiwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Zaidi ya miaka mia imepita na bado mama niliyemhoji hana hati ya pale alipoketi. Hilo halionekani katika Gini ya matumizi hata kidogo: mwenye ekari elfu na mwenye sufuri wanaweza kuwa wamekula unga sawa wiki iliyopita. Rejista za ardhi zinaendelea kuingizwa kwenye kompyuta. Siku zitakapokamilika, jedwali la ekari kwa ngazi, lisilo na majina, litatuonyesha kitu ambacho utafiti wa kaya haukuumbwa kukiona.

Kama itakupendeza, jedwali la kwanza la KRA linaweza kuanza na ritani za mwaka mmoja tu, na kwa taifa tu, kabla ya kushuka kwenye kaunti. Ukihitaji mtu wa kueleza mbele ya maafisa wako jinsi fomu za kaya zinavyojazwa huku mashinani, mahali zinapovuja na maswali ambayo watu huyakwepa, nitafika Nairobi kwa nauli yangu mwenyewe siku yoyote nitakayoitwa, na nitakuja na mizani yangu.



Wako mtiifu,
Karani wa zamani wa utafiti wa kaya,
Kilifi.